Kiatu Hakina Heshima

Kolwezi, mvua zikiwa zimeanza

Tata Tshibangu,

Habari ya kifo chako ilinikuta sokoni, mbele ya meza ya samaki wakavu. Mama Ntumba, yule aliyefukuzwa pamoja nanyi na ambaye sasa amerudi kufanya biashara ya mahindi kati ya Mwene-Ditu, kwenu Kasai, na huku, alinishika mkono akaniambia umekufa kwa homa iliyokuchukua upesi, na kwamba walikuzika vizuri. Nilimshukuru. Nilinunua samaki niliokuwa nimekusudia kununua, nikarudi nyumbani, nikawapika. Nilipoonja niligundua sikutia chumvi. Hayo ndiyo niliyoyaona kwangu mwenyewe siku ile, na nakupa kwa mpango ulionifundisha: kwanza kilichoonekana, halafu, nafasi ikibaki, kile mtu anachokifikiri.

Hospitali ya kampuni bado imesimama. Chumba chetu bado kina dirisha lile linalotazama benchi la nje. Wagonjwa wananiita mama kine, kama walivyokuita tata kine, na hakuna anayekumbuka neno refu la Kifaransa lililokatwa likawa hilo. Kwao kine ni yule anayekunyoosha mgongo na kukufundisha kutembea upya. Mgodi wa chini ulioanguka haujafufuka. Mishahara ilikoma, ikaja nusu, ikakoma tena, mpaka watu wakaacha kuuliza. Wanaume waliokuwa wakishuka chini na kofia za taa sasa wanalima mihogo, na vijana wao wanakwenda kwenye mashimo ya Mutoshi na Mashamba kuchimba kwa sururu, wanarudi na migongo ya wazee. Kwa hiyo kazi haijapungua, tata. Kilichopungua ni vitu vingine vyote.

Ile taa ya joto imekufa kabisa, safari hii bila mtu wa kuishukuru. Nimeitumia kamba yake kuanikia vitambaa.

Unaikumbuka asubuhi ile? Ilikuwa taa isiyotoa mwanga, joto tu, ya kuning'inia juu ya mgongo wa mgonjwa aliyelala kifudifudi. Wachimbaji waliipenda kuliko mikono yetu. Aliyepewa mazoezi peke yake alijiona amepunjwa, akaenda nyumbani kumwambia mkewe kwamba hospitalini siku hizi wanamchezesha tu. Tata Banza, fundi wa baruti, mtu wa upande wa Kabongo, Mkatanga kama mimi, ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni kila alipoandikiwa taa. Asubuhi hiyo alikuwa amelala chini yake, nami nikapitisha mkono pale nikitafuta kitambaa. Taa ilikuwa baridi kama sahani. Nyuzi za ndani zilikuwa zimeungua, na kwa jinsi vumbi lilivyotulia juu yake, hazikuungua jana. Na Tata Banza alikuwa ametoka tu kukuambia: "Leo joto inaingia muzuri, tata. Aksanti mingi."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukainuka, ukaigusa taa mwenyewe. Ulimwuliza Banza kwa upole kama kweli alisikia joto, naye akajibu kwamba aliona aibu kusema hapana, maana tata kine amekwisha kujisumbua kumwekea. Wale waliolala pale kabla yake, tulipowauliza mmoja mmoja, walijibu vivyo hivyo. Wengine walishikilia kwamba joto walilisikia, na maumivu yalipungua. Hao ndio waliokusumbua zaidi.

Kwa watu wetu mgonjwa hawezi kumwambia tata kwamba kazi yake haikufaa kitu. Mwulize unaendeleaje, atasema muzuri, hata kama ameletwa kwenye toroli. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wewe hukuwa na subira ya kungoja kilio. Ulihamishia macho yako kwenye benchi la nje, mahali ambapo wagonjwa walivaa buti zao baada ya kutibiwa. Ukawa unasimama dirishani, ukitazama nani anainama, nani anapandisha mguu juu ya benchi, nani anaziacha kamba zikiburuta mpaka nyumbani. Niliponung'unika kwamba hii ni kazi ya mpelelezi, uliniambia: "Kinywa iko na heshima, Ngoie. Kilatu haina."

Halafu ukaja na kifuniko cha chupa ya bia. Kila mgonjwa wa mgongo aliyekubali, hata wa zamani, alikirusha mwenyewe: kikilala uso juu, anapata taa, ambayo sasa ilikuwa imetengenezwa, kikilala uso chini, anapata mazoezi na kutembea. Mimi niliyekaa dirishani kutazama buti sikuruhusiwa kujua nani kapata nini. Daktari mkuu alisema umegeuza hospitali kuwa baa. Mimi nilidhani ni ubishi wa Kikasai tu, na nilikuambia hivyo. Ukanijibu kwamba sisi wa Katanga tunapenda kuamini, ninyi wa Kasai mnapenda kubisha, na ukiwatia wawili hao katika chumba kimoja kazi inaweza kwenda mbele. Jioni ulinisomea yale majarida ya Kifaransa yaliyotufikia yakiwa yamechakaa, na kila walipoandika kwamba wagonjwa waliridhika, ulishusha miwani: "Nani aliuliza bagonjwa? Ule ule mwenye alibatunza?"

Miezi ilipopita tulikaa tukalinganisha. Waliolala chini ya taa walitushukuru zaidi. Waliofanya mazoezi walilalamika zaidi, walikuita mkatili, na wakaweza kuinama kufunga buti mapema. Si wote. Ulikuwa mwangalifu kusema si wote, kwamba wagonjwa wetu ni wachache na kifuniko ni kifuniko. Tena ukasema migongo mingi hupona yenyewe mtu akiachwa atembee. Kazi yetu ni kujua tumeongeza nini juu ya hapo, na mara nyingi tumeongeza kidogo. Niliumia kusikia hivyo. Nilikuwa nimeacha uuguzi nikitaka kuwa na mikono ya kuponya, na mwalimu wangu alikuwa ananiambia kidogo.

Halafu yakaja yale. Sina haja ya kukusimulia, yalikupata mwilini. Lakini naandika yaliyoonekana. Watu ambao baba zao waliletwa huku kwa treni kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, watu waliozaliwa katika hospitali hii hii, waliambiwa warudi kwao. Walipewa jina la bilulu, wadudu. Kazi zilipokwisha, kila mtu mjini alijua kwa hakika nani amezila. Majirani waliojua jina la kila mtoto wenu walisimama barabarani na fimbo. Uliambiwa usifike tena kazini, na wiki hiyo mkaenda kulala stesheni, watu wengi hata reli hazionekani, mkingoja treni isiyokuwa na siku.

Nilikuwa naleta chakula, bukari ya unga na sombe ya majani ya mihogo, ndani ya beseni, chini ya nguo chafu. Vijana wenye fimbo mlangoni pa stesheni waliniuliza kwa Kiluba cha kwetu nakwenda wapi, nami nikawajibu kwa Kiluba cha kwetu kwamba nakwenda kufua. Sikuwa jasiri. Nilipowapita sikugeuka nyuma, nikaogopa hata kubadili mkono wa beseni.

Mke wako, Mama Kapinga, alikuwa amepigwa na kiharusi kabla ya mvua za mwaka ule, na mguu wake wa kushoto ulikuwa bado haujarudi. Hapo ndipo shida yote ilipokaa. Treni iliyokuwa ikija ni ya mabehewa ya mizigo, sakafu yake inafika kifuani, bila ngazi. Katika treni iliyotangulia, asiyeweza kupanda kwa haraka alisukumwa kando, na wengine walibaki. Masista wa parokia walikuwa tayari kumficha, lakini yeye alikataa: ama mnakwenda wote, ama mnabaki wote. Na kubaki, siku zile, kulikuwa ni kungojea wale wenye fimbo.

Ulikuwa unamfanyisha mazoezi kila asubuhi juu ya kesi za bia, yale masanduku ya chupa, ukizipanga kama ngazi. Siku moja ulinipokea kwa furaha, ukaniambia yuko tayari. Kisha ukajishika mdomo. Nakumbuka maneno yako yote: "Mi ni bwana yake. Macho yangu inanidanganya. Pima weye. Uniambie ile uliona, hapana ile nitapenda." Ukaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, umetugeuzia mgongo.

Mama Kapinga aliinama sikioni mwangu. "Mwana, umwambie ni sawa." Yeye ndiye aliyenilisha tangu siku yangu ya kwanza kazini, tata. Aliogopa kuwa yeye ndiye atakayekuzuia usiondoke, ukauawa kwa ajili ya mguu wake.

Nikapanga kesi. Moja, alipanda. Mbili, alipanda akinishika bega. Ya tatu ilipoongezwa, mguu wa kushoto ulikataa, naye akatabasamu kwa adabu, kama wagonjwa wetu wote. Sakafu ya behewa ilikuwa juu kuliko hapo.

Nikaja nyuma ya tangi nikakuambia: "Bado, tata."

Ukasema aksanti, tena kwa sauti ile ile uliyotumia kazini nilipokuletea habari za buti. Kisha ukaenda kwenye mzigo wenu ukauchukua ule mlango.

Watu walibeba magodoro, masufuria, cherehani. Wewe ulikuwa umebeba mlango wa mbele wa nyumba yako, ule wa bluu, kwa sababu uliutengeneza kwa mikono yako na hukutaka kumwachia mtu. Mama Kapinga alikuwa akikucheka kwa ajili yake tangu mlipotoka nyumbani. Uliupigilia vipande vya mbao vya kuzuia mguu usiteleze, ukauegemeza kwenye ukuta wa ghala, na tangu siku hiyo zoezi likawa moja tu: kupanda mlango. Watu walimcheka, yeye akawacheka wao. Niliporudi kupima mara ya pili nilikuambia: akishika mtu, ndiyo, peke yake, sijui.

Treni ilipofika nilikuwa upande wa pili wa uzio. Watu walikanyagana. Niliona mlango wa bluu ukiegemea behewa, vijana wawili wa kwenu wakiushikilia pembeni, na Mama Kapinga akipanda polepole, wewe nyuma yake na kiganja wazi karibu na kiuno chake. Mlipoingia mkauvuta mlango ndani. Nilicheka peke yangu kama mwehu, halafu nikalia kwa sauti, na mwanamke mmoja wa kwetu aliyekuwa karibu akanisogelea akasimama mbele yangu ili vijana wasinione. Sijui jina lake mpaka leo.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipokuona.

Sasa nikuambie kuhusu kilio chako, maana hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nyumba yenu anakaa Tata Banza. Aliingia wiki ile ile mliyotoka. Alikuta tundu mahali pa mlango, akaweka bati ambalo mpaka leo halifungi vizuri, na mvua ikinyesha maji yanaingia. Kwa muda mrefu sikumsalimia. Habari yako ilipoenea, alikuja mwenyewe hospitalini, akasimama mlangoni bila kuingia. "Hapana muzuri tata kine akose kilio mu nyumba yake." Alisema "yake", hakusema yangu. Nilisikia, na yeye alijisikia.

Tulikusanyika pale mchana wa Jumapili. Mvua ilitufukuza uani, na mke wa Banza akataka kila mtu aache viatu barazani kwa ajili ya tope. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia: wachimbaji wako wa zamani, wake zao, Wakasai wachache waliorudi kimyakimya, na Wakatanga ambao baadhi yao niliwaona na fimbo. Katekista aliongoza sala, kisha akafungua nafasi ya ushuhuda. Huyu akasema mikono yako ilikuwa na moto wa Mungu. Yule akasema ulimgusa mara moja tu akaruka. Nilimfahamu, alikuja kwetu mwaka mzima. Kisha Banza akasimama akasema mama kine yupo hapa, na atueleze jinsi tata alivyomponya mkewe mwenyewe aliyekuwa amepooza, akapanda treni kwa miguu.

Wote wakanitazama. Kwenye kilio hakuna anayepima sifa, tata. Sifa humiminwa, na aliyekufa hapunguziwi. Nami nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka sana, kwa sababu nakupenda, na kwa sababu neno ndiyo lingekuwa fimbo nzuri ya kuwapigia wale waliokufukuza.

Lakini Mama Ntumba hakuniletea habari ya kifo peke yake pale sokoni. Alikuwa na ujumbe wako, uliompa ulipokuwa bado mzima, aliposema anarudi huku kutafuta mahindi. Nimeuweka mpaka hapa, mahali ulipokuja kuhitajika. Ulisema: "Umwambie Ngoie: Mama anavaa bilatu yeye mwenyewe, na kamba anafunga. Shiyue kama ni mi."

Nilisimama nikayasema maneno hayo, hayo tu, kama ulivyoyatuma. Kisha nikawaeleza. Nikasema tata kine hakujua kama ni yeye. Alikuwa na mke mmoja, hakuwa na wa pili wa kumlinganisha naye. Waliopigwa na kiharusi wengi hurudishiwa kitu na mwili wenyewe katika miezi ya kwanza, awepo kine au asiwepo. Huenda ni kesi za bia, huenda ni mlango, huenda ni miezi, huenda Mama Kapinga alichoka tu kutazamwa. Kukawa na manung'uniko. Bibi mmoja akasema ninamtukana marehemu ndani ya nyumba yake.

Nikamjibu kwamba sina sifa kubwa zaidi ya hiyo. Nikasema: mwaka ule mji huu wote ulikuwa na uhakika. Tulijua nani ametuletea njaa, nani ni mwenyeji, nani ni mdudu. Hakuna aliyekwenda kutazama. Huyu alikuwa na mke asiyeweza kupanda treni, na watu wenye fimbo nyuma yake, na bado alisema sijui, pima weye. Nikakaa.

Hakuna aliyesema amina. Katekista akaanzisha wimbo, kwa haraka.

Mvua ilipokatika watu walitoka barazani kutafuta viatu vyao, nami nilikwenda kusimama pembeni, mahali pazuri pa kuonea. Najua ungefanya hivyo. Walikuwa wengi wa wale wetu wa kifuniko, wamezeeka sasa. Yule aliyesema aliruka alipandisha mguu ukutani. Mwingine aliitwa mkewe amfungie. Tata Banza aliketi kwanza, kisha akabadili mawazo, akasimama, akainama mpaka chini, magoti yamenyooka kiasi, akafunga kamba za kushoto na za kulia. Aliinama vizuri sana. Kifuniko chake, baadaye nilikuja kujua, kilimpa taa. Kwa hiyo hafuati hesabu yetu ya taa na mazoezi, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ila alikawia pale chini kuliko kamba zilivyohitaji, na aliponyanyuka macho yake yalikuwa mekundu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba atauliza kama Mama Kapinga ana haja ya kurudi kwenye nyumba. Sijui kama atauliza kweli. Kinywa kina heshima. Nitatazama.

Basi, tata, lala. Samahani kwa samaki wasio na chumvi na kwa kilio kisicho na amina. Nitakitoa tena kifuniko chako; bado ninacho, kimeota kutu. Vijana wa Mutoshi wanaletwa kila siku, na watu wameanza kuwauzia mafuta ya kupaka yanayoponya kila kitu kwa uhakika mkubwa. Nakuahidi nitawauliza waliyajaribu juu ya nani, na nani alitazama. Watakaponiuliza kama mikono yako iliponya watu, nitawajibu kama ulivyojibu wewe.

Lakini kuna jambo moja wewe hukuweza kulijua, maana ulikuwa nyuma yake na mume ana macho ya mume. Mimi nilikuwa upande wa uzio, mahali pa mpimaji. Kiganja chako kilikuwa wazi karibu na kiuno chake toka chini mpaka juu ya mlango, na nilikitazama mpaka mwisho. Hakikumgusa.

Alipanda mwenyewe, tata.

Mwanao wa kazi,
Ngoie